Vifuniko vya Chumba cha Nyuma

Jumamosi, 24 Juni 1995

Nimeosha vifuniko vyote vya matundu ya hewa leo. Cha sebuleni, cha chumbani kwetu, na viwili vya chumba cha nyuma. Maji moto, magadi, mswaki wa zamani wa Kyalo. Kisha tone la mafuta kwenye skrubu zisishike kutu. Vimeng'aa! Mtaa mzima wa Umoja hapa Nairobi hakuna nyumba yenye vifuniko kama vyangu. Wengine matundu yao ya hewa yako uchi, au wamepigilia wavu wa kuku, na buibui wanazaa wajukuu humo. Vyangu ni vya chuma cheupe chenye mapengo membamba. Kyalo alivileta kutoka ofisini kwao Industrial Area walipobadilisha mashine ya baridi ya mabosi. Mume wangu ni karani tu, lakini nyumba yake inapumua kama ya meneja.

Watoto wa mtaa wananiita Mama Matundu. Nimewasikia. Hapa kila mwanamke ni mama wa mtu — Mama Irungu, Mama Gordon — na mimi ndoa yangu imezaa vifuniko. Haya basi. Angalau watoto wangu hawatoroki wakiona maji.

Chumba cha nyuma ndicho kimenichosha. Zamani kilikuwa chumba changu cha cherehani. Sasa ni cha Mama Nzembi, mama yake Kyalo, aliyekuja Aprili kutoka kijijini Mwala eti kutibiwa macho. Macho yalipona zamani. Anaona sindano ikianguka! Cherehani yangu imehamia sebuleni, sare za wanafunzi zimelundikana mpaka kwenye kochi, na yeye amejinyoosha huko nyuma ananusa tumbaku. Vifuniko vyake vilikuwa na tumbaku iliyogandamana na vumbi, ikawa kama gundi. Nikiwa juu ya stuli nasugua, akaniuliza kama hayo matundu hayawezi kufungwa, baridi inamwingia magotini. Nikamwambia nyumba lazima ivute hewa, mama. Akasema hewa iko nje tele, anayeitaka aifuate huko. Nikacheka. Meno tu.

Jumatatu, 26 Juni

Asubuhi nimekuta ameziba mapengo yote kwa karatasi za magazeti. Amezisokota moja moja, akazichomeka kwa kidole. Kazi ya kutwa nzima, na mwanamke mzima! Nimezitoa kwa ncha ya mkasi, moja moja vilevile, mbele ya macho yake yaliyopona.

Jumatano, 28 Juni

Leo nimeambiwa nioe. Mimi!

Nilikuwa napiga pasi sare za kijani. Mama Nzembi akaja, akaketi, akafungua kopo lake la tumbaku, akanusa. Akaanza polepole, kama mtu anayebembeleza ng'ombe asimame.

"Mwelu, mwanangu. Nimekutafutia msichana. Anaitwa Kavata, watu wake ni wazuri. Utamwoa wewe, kwa jina lako. Atazaa, na watoto watakuwa wa nyumba yako."

"Mama, tuko mwaka gani?"

"Mwaka hauzai," akasema.

Iweto. Mke wa mwanamke. Desturi ya bibi zetu kule Ukambani: mgumba anamtolea msichana mahari, msichana anazaa, mtoto anahesabiwa wa mgumba. Na mimi huku naimba kwaya, nashona sare za shule mbili, nina vifuniko vya chuma! Niliposhtuka pasi ilikuwa imeunguza kola. Atakuja Agosti, anasema, mavuno yakiisha. Amekwisha kuongea nao.

Jioni nikamuuliza Kyalo. Akaangalia sahani yake. Akasema hayo ni mambo ya akina mama, niongee na mama. Halafu akaomba aongezewe mboga.

Sasa najua ninalotaka. Huyu mzee arudi Mwala kabla ya Agosti. Akiondoka yeye, Kavata hana wa kumleta, na mimi ninabaki peke yangu nyumbani mwangu. Siwezi kumfukuza mama mkwe. Hakuna anayeweza. Lakini baridi ya Julai si mtu, haina adabu, haijui mkwe.

Jumamosi, 1 Julai

Nimevishusha vifuniko vya chumba cha nyuma. Vyote viwili. Nikamwambia Mama Nzembi uchafu umeganda, safari hii lazima viloweke. Matundu yamebaki wazi — unaweza kupitisha mkono mpaka begani. Upepo unaingia huku, unatokea kule, katikati kuna kitanda chake. Vifuniko vimelala kwenye karai la magadi chini ya sinki. Pumzikeni wanangu, hamna haraka.

Kyalo aliuliza. Nikamjibu: usafi. Mwanamume ukimtajia usafi hana swali la pili.

Jumanne, 4 Julai

Bado vinaloweka!

Amevaa koti la Kyalo juu ya sweta mbili, na shuka kichwani. Anakohoa. Akikohoa, anangoja kidogo, kama anayetaka kuulizwa hali. Siulizi. Nasukuma cherehani kwa nguvu isikike. Jana aliziba matundu kwa mifuko ya nailoni, upepo ukaipeperusha ikamwangukia usoni. Nilicheka mpaka nikaingia jikoni kujificha.

Batulo wa jirani, mwenye duka la vitambaa, ameniita ukutani. "Mwelu, wallahi huyo mzee wako anatetemeka. Mbona umetoboa nyumba hivyo?"

"Naosha vifuniko."

"Unaosha tangu Jumamosi? Ni vifuniko ama ni maiti?"

Batulo ana mdomo. Jioni akaleta blanketi zito la rangi ya kahawa, akamfunika mwenyewe, wakakaa wanashikana mikono. Mmoja Kikamba, mwingine Kiswahili cha Garissa, na wanaelewana! Mimi nimeishi naye tangu Aprili sijawahi kumshika mkono. Sitaki.

Jumamosi, 8 Julai

Nimeshindwa. Naandika neno hilo ili nione linavyoonekana.

Kyalo amerudi jana na gunia la makaa na jiko jipya. Akatoa vifuniko kwenye karai, akavifuta kwa shati lake la kazi, akavirudisha ukutani yeye mwenyewe. Hakunigombeza. Amesema tu, "Vimetosha kuoga." Kisha akaingiza jiko kwa mama yake.

Sasa chumba cha nyuma ni Mombasa. Mzee amevua koti, amevua sweta, anachoma viazi vitamu kwenye majivu na kuniita: njoo uote moto mwanangu, huko mbele utaganda. Ni kweli, huku mbele naganda. Vidole havishiki sindano. Sikwenda.

Batulo alimwonya Kyalo pale mlangoni. Jiko ndani ni hatari, akasema, makaa yana hewa mbaya, haina harufu, unalala huamki. Kyalo akamwonyesha matundu. "Hapa kwetu hakuna shida. Mwelu anayasafisha kila wiki, unaona vile yako wazi."

Hilo neno limenikaa. Kwa hiyo mikono yangu ndiyo inayompa pumzi. Kila Jumamosi napanda stuli, nasugua, nasafisha njia, ili yeye alale vizuri, aamke, aniletee mke.

Jumatano, 12 Julai

Siku imepangwa. Kavata analetwa Jumamosi ya kwanza ya Agosti.

Na nimeombwa nimshonee gauni! "Wewe ndiwe mwenye mke, usiache aje na nguo za shambani." Amenionyesha kwa mikono hewani, hapa kifuani hivi, hapa kiunoni hivi. Hapa nyonga — akafungua mikono akacheka. Nikachukua chaki nikapima hewa aliyoishika. Nilikuwa mtulivu sana. Nimeshangaa nilivyokuwa mtulivu.

Jumamosi, 15 Julai

Siku ya usafi. Nimefungua vifuniko vya chumba cha nyuma kwa bisibisi, nikaviosha kwa magadi na mswaki, pengo kwa pengo, nikavianika. Havijawahi kung'aa hivi. Kisha nikachukua vipande vilivyobaki vya sare za kijani, vile vya pamba nzito, nikavishindilia ndani ya matundu. Vingi. Nikavisukuma kwa kipini cha mwiko mpaka hapapiti upepo wala mchwa. Nikakata boksi jeusi, nikaliweka mbele ili kijani kisionekane. Nikarudisha vifuniko juu yake, nikakaza skrubu.

Ukisimama chini unaona chuma cheupe, safi, na giza kwenye mapengo, kama tundu lolote la hewa. Nimeangalia kutoka mlangoni na kutoka dirishani. Kazi nzuri. Mimi nikifanya jambo silifanyi nusu.

Mama Nzembi alikuwa kitandani muda wote, ananitazama. Alipouliza, nikamwambia ukweli: "Nakuzibia baridi, mama." Akafurahi! Akanyoosha mikono yake miwili juu, akatema mate kidogo kifuani pake, baraka za kizee, akasema Mungu anifungulie na mimi palipofungwa. Nikamwambia amina.

Najua ninachofanya. Simuui. Yule mlinzi aliyekufa kwa hewa ya makaa, waliyemtangaza redioni, alikuwa kwenye kibanda, na jiko usiku kucha. Huyu jiko lake linatolewa Kyalo akirudi. Analala nalo mchana tu. Kichwa kitamuuma. Tumbo litachafuka. Ataona Nairobi inamkataa, na Mwala iko pale, ina hewa bure.

Jumapili, 16 Julai

Kichwa kinamuuma! Ametapika uji. Kyalo amempa dawa ya kichwa, mimi nikamfuta kinywa. Akasema mwenyewe, kwa mdomo wake, bila kufundishwa: "Nairobi inanikataa."

"Pole mama. Labda ungepumzika nyumbani kidogo."

"Nitaenda," akasema. Moyo wangu ukaruka. "Nikishampokea Kavata."

Sawa. Basi tuendelee.

Jumatatu, 17 Julai

Mvua ya rasharasha. Kyalo kazini. Kabla ya kwenda kununua vifungo nilimwingizia jiko mwenyewe. Nikaongeza makaa. Nikamwekea leso chini ya mlango kama apendavyo. Akaniambia nisikawie.

Nimekawia. Nilizunguka maduka nikichagua vifungo ambavyo nilikwisha kuvichagua.

Niliporudi lango lilikuwa wazi. Batulo ameketi chini uani, mvua inamnyeshea, kichwa cha Mama Nzembi mapajani. Alikuja kuchukua blanketi lake afue. Akabisha, hakuitikiwa, akasukuma mlango. Alimburuta peke yake. Mashavu ya mzee yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyetukanwa. Batulo hakunisalimu. Akasema tu, "Tafuta gari."

Nilitafuta gari. Nilikimbia. Naandika hilo kwa sababu ni kweli, nilikimbia sana.

Jumanne, 18 Julai

Yu hai. Macho wazi, anatazama dari, hasemi. Ukimshika mkono hakujui. Daktari anasema ni hewa ya makaa. Imegusa ubongo, huenda akazungumza tena, huenda asizungumze. Akauliza kama chumba kina matundu ya hewa. Kyalo akasema yapo mawili, makubwa, tena mke wangu huyasafisha kila Jumamosi. Daktari akanitazama. Akasema basi ni bahati mbaya tu, jiko lilikuwa kubwa.

Bahati mbaya! Nikalia. Watu wa wodini wakasema angalia mkwe anavyolia. Machozi yalikuwa ya kweli, sijui yalikuwa ya nani.

Ijumaa, 21 Julai

Hakuna tumbaku, hakuna kikohozi. Nimerudisha cherehani chumba cha nyuma kwa siku moja, nikashona karibu na dirisha. Hakuna aliyemtaja Kavata. Nimekula vizuri. Naona aibu kidogo ya kula vizuri, lakini nimekula.

Jumamosi, 22 Julai

Siku ya usafi. Kyalo yuko hospitali. Nyumba yangu peke yangu.

Nilipanda stuli chumba cha nyuma na bisibisi mkononi. Nilitaka kutoa vile vipande. Nilifungua skrubu ya kwanza. Ya pili ikawa ngumu, nikasimama nikifikiri. Daktari amesema atarudi nyumbani wiki ijayo. Atarudi hapa, si Mwala. Julai haijaisha. Na mtu asiyesema hawezi kulalamika kichwa.

Nikairudisha skrubu. Nikafuta kifuniko kwa nje.

Bisibisi nimeitupa kwenye pipa, asifungue mtu, hata mimi. Lori la taka limepita jioni, sasa iko njiani kwenda Dandora na maganda ya ndizi. Nimefunga daftari hili mara mbili nikalifungua tena. Sina la kuongeza.

Jumanne, 25 Julai

Wamemleta. Amekuwa mwepesi, Kyalo alimbeba kama mzigo wa nguo. Wifi yangu Kavinya ametoka kwake Kaloleni na godoro lake, atalala chumba hicho hicho kumwangalia. Jiko ni marufuku, Kyalo amelipeleka kwa Batulo. Wanampa joto kwa chupa za maji moto.

Kavinya hatoki mle chumbani. Anakula humo, anasali humo. Hata nikitaka sasa kupanda stuli, nitapanda mbele ya macho yake.

Mama Nzembi hasemi. Lakini nimeona kitu. Anatazama juu, upande wa vifuniko. Anatazama hivyo kwa muda mrefu. Kisha anatabasamu.

Jumatano, 26 Julai

Anatabasamu tena. Kavinya anasema labda anaona malaika.

Ijumaa, 28 Julai

Leo Kavinya alitoka kidogo, akawa anachambua mchele nami jikoni, mzee amelala. Akaniambia bila kuinua kichwa: ujue mama akifa, na wewe umekwisha.

Nikamuuliza kwa nini.

"Kwani hujui? Krismasi Kyalo alimwambia mama atakurudisha kwenu Kangundo. Ako na mtu huku Buruburu, mwalimu. Mama akakataa katakata. Akasema Mwelu hatoki kwa hiyo nyumba nikiwa hai. Macho ni kisingizio tu, alikuja kukulinda. Na hiyo maneno ya Kavata ni yeye aliitafuta. Ukiwa na iweto, wewe ndiwe mwenye nyumba, hakuna mtu anaweza kukutoa. Watoto ni wako. Hata Kyalo akileta malaika."

Akapuliza makapi. Mimi nilikuwa nimeshika ungo.

"Mbona hakuniambia?"

"Ungemskiza? Wewe ulikuwa unaosha vifuniko."

Sikumwamini. Halafu nikakumbuka Kyalo alivyoangalia sahani. Nikamwamini.

Namchukia. Namchukia zaidi ya mwanzo! Kama angesema! Mtu anakuja kukulinda na analala tu, ananusa tumbaku, anakupimia nyonga za msichana hewani na kucheka, utajuaje? Angesema neno moja. Nimekaa chooni nikajiziba mdomo kwa leso. Sijui nilitaka kulia au kupiga kelele. Na vile vipande bado viko kule juu, na Kavinya ameketi chini yake anafuma.

Jumapili, 30 Julai

Amesema!

Alfajiri, Kavinya akapiga yowe. Nikajua amekufa. Kikombe kikaniponyoka. Nilipofika mlangoni mzee ameegemea mto, mdomo umepinda kidogo, na neno la kwanza limekwisha kutoka. Neno lenyewe lilikuwa "Mwelu".

Nimengoja asubuhi nzima nishtakiwe. Nimepika, nimefagia, nimengoja. Sasa ni baada ya ibada na akina mama wa kanisa wamejaa chumba cha nyuma, wengine kitandani, wengine kwenye godoro la Kavinya. Wameimba, wameomba. Mimi niko jikoni na maziwa ya chai. Nayasikia yote, mlango uko wazi.

Hanishtaki. Ananisifu! Kila anayeingia anaanzishiwa upya, kwa ulimi mzito, neno baada ya neno:

"Mwelu alipanda stuli. Akaona mama anasikia baridi. Akaziba matundu kwa kitambaa. Kitambaa cha kijani. Akaweka boksi. Akafunga skrubu. Sijawahi kupata joto namna ile hapa Nairobi. Huyu si mkwe, huyu nimemzaa."

Na wao: "Aki Mungu ambariki! Mabinti wa siku hizi ni wangapi kama yeye?" Mmoja amekuja mpaka huku jikoni kunishika mabega. Amesema thawabu yangu iko mbinguni.

Mara ya kwanza alipolisema, Kyalo alikuwa amesimama mlangoni na thermosi. Aliiweka chini polepole. Akatazama vifuniko. Vinang'aa, niliviosha mwenyewe. Akaja huku.

"Bisibisi iko wapi?"

"Imepotea."

"Imepotea lini?"

Nikakoroga maziwa. Akasema, bila kupaza sauti, anaenda kuazima kwa Batulo. Hiyo ni dakika chache tu zilizopita. Nimechukua daftari kwa sababu mikono inataka kushika kitu. Kama wangetoka chumbani mara moja tu! Kama wangeenda uani kupiga picha! Hawatoki. Wameanza wimbo mwingine.

Maziwa yamefurika. Nimeyaacha.

Lango limelia. Nasikia ndara za Batulo nyuma ya viatu vya Kyalo, amekuja naye, hakuitwa. Wamepita mlango wa jikoni wote wawili. Batulo amenitazama, Kyalo hakunitazama. Wimbo umekatika. Sasa akina mama wanasogeza kitanda wapate nafasi, wanauliza kuna nini, na Mama Nzembi anacheka, anafikiri ni sherehe. Ananiita.

"Mwelu! Njoo uwaonyeshe vile ulifanya."

Na Kyalo naye anaita. Anasema nimletee stuli, nije nimshikie akifungua skrubu.